Utepe Uliokataa Kukatika

Nyinyi mnaobaki Xiaobei, mtaa wetu huu wa Guangzhou, mmenisumbua mwezi mzima: Bi Rukia, kabla hujaondoka tuachie namba za viwanda. Namba nitawaachia, lakini namba haimfundishi mtu kazi. Nusu ya hao wenye viwanda wameshahama, na waliobaki watawajibu mei you, yaani hakuna, kabla hamjamaliza kuwasalimia. Mei you ya kwanza msiondoke nayo, ile ni salamu tu. Basi nimeona bora nikae niandike. Mizigo yangu imeshafungwa, chai ipo, na mwenye nyumba haji kuchukua funguo mpaka wiki ijayo. Msitarajie humu hadithi za fedha. Fedha zilikuja, zikaenda kwenye ada za skuli za watoto wa nusu ya Wete, zikaisha.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, kisiwa cha karafuu. Nilipoolewa, marehemu mume wangu alinihamishia Pemba nyingine, ile ya Msumbiji, na mpaka leo nikimwambia mtu wa pasipoti kwamba nilitoka Pemba nikaenda Pemba, ananitazama kama namfanyia mzaha. Huko ndiko nilikojifunza Kireno, sokoni, kwa kugombana na wauza samaki. Mume wangu alipofariki nikaja Guangzhou kununua viatu pale Liuhua, karibu na stesheni ya treni. Kichina changu kilikuwa cha vidole. Siku ya kwanza nilinunua maboksi ya viatu vya ngozi, vizuri, vinang'aa, nikavibeba hadi chumbani, nikafungua, ala! Vyote vya mguu wa kushoto. Niliporudi, muuzaji akanionyesha bango kwamba pale wanauza sampuli. Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kushoto.

Aliyenikuta nimekaa juu ya maboksi yale nikitukana kwa Kireno ni Papa Ngoy, Mkongomani wa Lubumbashi, mkalimani wa siku nyingi, mtu wa tai na viatu vya kupakwa rangi hata kwenye joto la mwezi wa saba. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza matusi yote.

"Mama, weye unajua Kireno bien hivi? Acha hii biatu. Batu ya Brésil banakuya ku Pazhou kila maonyesho, na hakuna mutu wa kubasemea."

Pazhou ndiko kwenye kumbi za maonyesho makubwa ya biashara, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ukalimani. Papa Ngoy alinifundisha kila kitu, kuanzia Kichina chenyewe: kunusa kitambaa kujua kama rangi itachuja, kumwacha mteja aketi akitazama mlango, kutokunywa chai ya tatu ya muuzaji kwa sababu ukinywa umeshakubali bei. Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja. "Mukalimani ni mubeba muzigo," alisema. "Muzigo usiifungue njiani. Usitoe kitu, usiongeze kitu. Kama mutu anatukana, tukana. Kama analia, sema analia." Mwanzoni nilidhani ni maneno ya majivuno ya mtu mwenye tai. Mpaka siku mteja mmoja wa São Paulo alipoita mikoba ya kiwanda fulani takataka, na mimi kwa adabu zetu za Kipemba nikatafsiri kwamba bwana angependa ishonwe vizuri zaidi kidogo. Wakaishona vizuri zaidi kidogo. Kontena zima la takataka iliyoshonwa vizuri kidogo likavuka bahari. Papa Ngoy hakunisemesha mpaka msimu wa maonyesho ukaisha, na tokea hapo sikutia sukari neno la mtu yeyote. Nilijulikana kwa hilo. Wateja walikuwa wakisema, kama unataka kusikia ukweli kwa Kichina, mtafute yule mwanamke wa mtandio.

Dona Edite nilimkuta Pazhou siku ya Ijumaa, kwenye ukumbi wa mapambo, mwanamke mweusi mnene kiasi, amevaa nyeupe tupu kuanzia kilemba mpaka soksi. Nikajua ni dada yetu Mwislamu, labda wa Senegali. Nikampa asalamu alaykum ya heshima. Akacheka, akanijibu kwa Kireno.

"Mimi ni Mkristo wa Bahia, binti yangu. Lakini kwetu Ijumaa ni nyeupe. Usiniulize kwa nini. Bibi yangu alivaa, na bibi yake alivaa."

Bahia ni jimbo la pwani ya Brazil, nami kabla ya siku ile nilikuwa nikilijua kama jina tu kwenye karatasi za meli. Nilimchukua chumbani kwangu kula, kwa sababu alikuwa na siku ya pili hajaweza chakula cha hotelini. Nilikuwa nimekaanga bajia za kunde, hizi hizi zetu, kunde zilizokobolewa na kusagwa na kitunguu. Akatia ya kwanza mdomoni, akaishika ya pili akiigeuzageuza.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mama yangu."

"Na mimi mama yangu," akasema. "Ila sisi tunakaanga kwa mafuta ya mawese, na tunaziuza barabarani tumevaa hivi hivi."

Kisha akaona kopo langu la karafuu dirishani, akalifungua, akalinusa, na macho yakamjaa maji. Kumbe kazaliwa mji mdogo wa kusini mwa Bahia, ambako watu wanapanda mikarafuu na kuianika karafuu kando ya barabara, juu ya turubai, na watoto wanalinda mvua. Jamani! Mimi nilikuwa naamini karafuu ya kuanikwa barabarani ni ya Pemba peke yake duniani. Tukakaa pale, wanawake wawili ambao mama zao walituchapa kwa kosa moja, la kucheza mvua ikanyeshea karafuu.

Alipenda kueleza kwao, na alipoanza hakuzimika. Aliniambia Salvador, mji wake, ndio uliokuwa makao makuu ya kwanza ya Brazil, kabla wakubwa hawajahamia kusini. Aliniambia kwamba Brazil nzima ilikuwa imeshajitangazia uhuru na Wareno bado wamekaa Salvador, ikabidi watu wa Bahia waendelee kupigana mpaka mwaka uliofuata, na ndiyo maana wana sikukuu yao wenyewe ya uhuru, mwezi wa saba, na wanaiona ndiyo ya kweli. Hiyo hakuwa na haja ya kumweleza Mzanzibari. Nikamwambia na sisi tuna siku yetu ndani ya nchi kubwa, na mtu wa bara akiisahau tunamkumbusha. Tukapeana mikono.

Biashara yake ilikuwa tepe. Bahia kuna kanisa moja juu ya kilima, na watu hununua pale utepe wa rangi wenye jina la mtakatifu. Unazungushwa mkononi, unafungwa fundo tatu, na kila fundo unatia nia moja kimoyomoyo. Kisha unauacha. Huuvui, huukati, unaoga nao, unalala nao. Siku ukikatika wenyewe, basi ulichoomba kimekubaliwa. Dona Edite alikuwa na meza yake chini ya ngazi za kanisa, na alitaka kutengenezesha tepe huku. Nikamtania: Dona Edite, utepe wa Bahia utoke China, huo bado ni wa Bahia? Hakuudhika.

"Dada Rukia, Bahia ni kitu gani kisichokuja na meli? Mawese yalikuja na meli. Kunde zilikuja na meli. Karafuu pia. Mababu zangu waliletwa na meli, na si kwa kupenda kwao. Utepe ni wa Bahia kwa sababu ya anayesubiri ukatike."

Nikampeleka Xintang, kwenye vichochoro vya nyuma ya viwanda vya jinzi, ambako maji ya mfereji yana rangi ya buluu. Huko alikuwako laoban Deng. Laoban ni bosi, lakini huyu alikuwa bosi wa mashine chache tu, wafumaji wawili watatu na mke wake, anafuma lebo na kanda za viunoni. Mtu mkimya, mikono mikubwa, anaijua kazi yake. Utepe wa sampuli wa Dona Edite aliunusa, akauvuta, akausugua kwenye suruali, akatikisa kichwa kwa huruma. Pamba dhaifu, akasema, ncha zinafumuka, rangi inachuja. Yeye atafanya bora. Na kweli alifanya. Uzi wa poliesta, ncha zimekatwa kwa kisu cha moto zikaziba kabisa, maandishi yanaonekana kama yamechongwa. Tulipokwenda kuupokea, Dona Edite aliuinua kwenye mwanga wa dirishani na kupiga mluzi. Mimi pia nilijivuna. Miaka yote nilikuwa nikigombana na viwanda kwa sababu ya vitu vinavyokatika.

Akataka kufungwa wa kwanza kabisa pale pale kiwandani. Desturi yao hujifungi mwenyewe, lazima akufunge mtu mwingine. Akanipa mkono. Nikarudi nyuma, nikacheka, nikamwambia mimi Mwislamu, mambo ya watakatifu nawaachia wenyewe. Laoban Deng akauliza kuna nini, nikamweleza, akafuta mikono, akaja. Akafunga fundo tatu kama anavyofunga robota la kwenda bandarini, kila moja akalikaza kwa meno. Dona Edite alifumba macho kila fundo. Mpaka leo nasema laiti ningefunga mimi. Fundo zangu zinajulikana, hata viatu vyangu hufunguka njiani.

Baada ya mwaka Dona Edite alirudi amefura. Hakusalimia.

"Hazikatiki!"

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Uzuri gani? Watu wanatembea nazo mwaka mzima. Wameomba wachumba, wameomba kazi, wameomba watoto, hakuna kinachokuja kwa sababu utepe haukatiki! Wanakuja mezani kwangu kunionyesha mikono. Wananiambia, Edite, umetuuzia nini?"

Hapo ndipo nilipopata kesi ngumu kuliko zote za kazi yangu: kumwambia fundi wa Kichina atengeneze kitu kibovu kwa makusudi. Laoban Deng alinitazama kama nimemtemea mate. "Bu xing," akasema, haiwezekani. Akasema maisha yake yote watu wa nje wanakuja kumpigia kelele kwamba vitu vya China havidumu, leo ametengeneza kinachodumu, anakuja mwanamke kutoka mwisho wa dunia kulalamika kwamba kinadumu. Akasema huyo mama ana wazimu. Nikatafsiri: anasema una wazimu. Dona Edite hakupepesa macho.

"Mwambie kitu kisichokwisha hakimfai mtu anayesubiri."

Nikatafsiri na hilo. Laoban Deng akakaa juu ya robota. Mkewe, aliyekuwa anahesabu lebo, ndiye aliyecheka kwanza.

Tulijaribu msimu mzima, wakati ule wa unyevu ambapo kuta za Guangzhou zinatoa jasho na nguo haikauki. Deng alirudi kwenye pamba, akaacha kisu cha moto, akapunguza uzi. Wafumaji wake walivaa, mkewe alivaa, na mimi nilivaa, bila nia yoyote, nawaapia, kwa ajili ya kazi tu, ingawa msikitini wenzangu walikuwa wakinitazama mkono wakati wa kutawadha. Za kwanza zilikatika upesi mno. Dona Edite kwenye simu akasema dua za wiki moja ni za watoto wa skuli. Zilizofuata zikagoma. Nikamuuliza mwisho, basi utepe wako unatakiwa ufe lini? Akafikiri. "Mpaka uwe umesahau kuutazama," akasema. "Lakini usiwe umesahau ulichoomba." Nikampelekea Deng maneno hayo kama yalivyo, na amini msiamini, hiyo ndiyo sampuli aliyoipatia. Kuanzia siku hiyo mteja akiniletea bidhaa sikumuuliza tu idumu muda gani. Nilimuuliza pia iishe lini. Nanyi muulizeni.

Basi tepe mpya zikaenda, watu wa Bahia wakapata wachumba wao, na meza ya Dona Edite ikanyooka. Uliobaki ni mmoja tu, ule wa mkononi mwake. Wa poliesta, wa kisu cha moto, wa fundo za laoban Deng.

Alikuja kuniambia alichoomba msimu uliofuata, tukimenya kunde. Fundo zote tatu alitia nia moja. Alikuwa na mtoto mmoja, Valter, kijana mwema, fundi umeme. Valter alihamia São Paulo, akaingia dhehebu jingine, na siku aliyorudi kutembea alimkuta mama yake amevaa nyeupe anakaanga bajia. Akamwambia mambo yale yote ni ya shetani, nguo, mafuta na tepe, na hatatia mguu tena nyumba ile mpaka ayaache. Akaondoka na sanduku lake bila kulifungua.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Nampigia. Anapokea, ananijulia hali vizuri, kama mtu wa benki."

"Basi vua huo utepe, ufunge mwingine unaokatika."

"Haiwi. Nia moja haifungwi mara mbili huku ya kwanza ingali mkononi. Na anayekata mwenyewe amekataa alichoomba. Nikate, halafu mwanangu asirudi, nitamlaumu nani?"

Nilimletea ubishi, nikamtania, nikamwekea mkasi mezani. Wapi! Kila maonyesho alipotoka nje ya stesheni ya metro pale Pazhou, alikuwa akiunyoosha mkono kabla ya kunikumbatia. "Bado," anasema. Utepe ulikuwa mwekundu, ukawa wa waridi, ukawa mweupe, maandishi yakafutika, na uzi wenyewe mzima kama siku ya kwanza. Hata kiwandani ikawa ndiyo salamu. Laoban Deng alikuwa anauliza, "Mkono?" nami namjibu bado, naye anakwenda kushughulika na mashine isiyo na tatizo lolote.

Msimu mmoja hakwenda kwenye mashine. Alimwomba Dona Edite mkono, akavaa miwani, akauchunguza utepe ule uzi kwa uzi. Kisha akachukua mkasi wa kazini.

"Mwambie mimi ndiye niliyeutengeneza na mimi ndiye niliyeufunga," akasema. "Kasoro ni ya kiwanda. Niache nikate mimi."

Nikatafsiri. Na Dona Edite, kwa mara ya kwanza, hakuuvuta mkono. Nilimwona anafikiri. Aliyefunga ndiye anayefungua, hilo kwenye desturi yao halikukatazwa, au hakuna aliyewahi kuuliza. Akautazama mkasi. Akaniambia, "Muulize kama anaamini."

Nikamuuliza. Laoban Deng ni mtu mkweli, Mungu ambariki. Akasema, "Siamini. Lakini namwonea huruma."

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. Nikasikia sauti ya Papa Ngoy: muzigo usiifungue njiani. Nikatafsiri: haamini, lakini anakuonea huruma.

Dona Edite akaufunika utepe kwa mkono mwingine. "Mwambie ahsante," akasema. "Asiyeamini hawezi kufungua alichokifunga bila kujua." Deng akarudisha mkasi kwenye msumari wake. Nilifanya kazi yangu kama nilivyofundishwa, wala hakuna mkalimani atakayenilaumu, na hakuna wiki inayopita bila kusikia neno lile "haamini" likitoka mdomoni mwangu. Neno moja! Ningesema anaamini, mkasi ungeshuka, na mama yule angekwenda kwao na mkono mtupu na moyo umejaa.

Baadaye mipaka ikafungwa kwa ule ugonjwa, mnaukumbuka, Xiaobei ikawa kimya hata unasikia mbwa. Dona Edite tukawa tunazungumza kwa simu. Siku moja akaniambia, sauti tulivu, "Valter yupo hapa. Kazi zimefungwa São Paulo. Amekuja kutembea."

Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. "Kutembea? Dona Edite, mwanao karudi!"

"Utepe bado upo, dada. Ana sanduku lake. Ataondoka."

"Mwambie atoe nguo sandukuni!"

"Mgeni haambiwi hivyo," akasema, akabadilisha mazungumzo. Miezi ikapita, nikiuliza Valter, jibu ni lile lile: yupo, anatembea, utepe upo. Sauti yake ikawa inachoka. Kisha simu ikawa haipokelewi.

Mipaka ilipofunguliwa nilikuwa nimeshaamua kustaafu. Magoti yangu yamechoka kumbi za Pazhou, na nyinyi vijana mnatafsiri kwa simu. Maonyesho yangu ya mwisho akanijia mwanamume wa makamo, shati jeupe, siku ya Ijumaa, akaniita shangazi kwa Kireno. Sikuhitaji jina, alikuwa na paji la uso la mama yake. Valter alikuja kununua tepe. Mtu aliyeziita za shetani sasa alikuwa anakaa kwenye ile meza chini ya ngazi.

Nikamkaangia bajia. Akala, akanieleza mama yake alivyoumwa na alivyokwenda. Kisha akatoa mfukoni kitu kimefungwa kwenye leso: utepe, mweupe, mduara mzima, fundo tatu zimekaa mahali pake. Wanawake walipokuwa wakimwosha, mkono ulikuwa umekonda mno, ukateleza wenyewe ukatoka. Haukukatika.

"Shangazi, kuna jambo silielewi," akasema. "Nilirudi, nikamwomba radhi, nikakaa naye mpaka mwisho. Lakini alinifanya mgeni. Kila asubuhi taulo jeupe la wageni lenye kufumwa ncha, limekunjwa kitandani. Kikombe cha wageni. Nikitaka kuosha vyombo ananikataza. Nilidhani ni adhabu. Nilidhani hakunisamehe."

Nikamwambia. Ningefanyaje? Nikamwambia nia ya fundo zote tatu ilikuwa yeye, na kwamba mama yake alikuwa akiutazama mkono kila asubuhi, akiona utepe upo, anajua mwanawe ataondoka. Hakukuadhibu, mwanangu. Aliogopa usije ukaondoka. Valter aliweka bajia chini. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na mimi nikalia naye, kunde zikaungua. Alipotulia akaniomba nimpeleke kwa aliyeutengeneza.

Laoban Deng amezeeka. Mkewe amefariki, mashine zimebaki mbili, lakini alinijua kwa hatua. "Mkono?" akauliza kabla hajainua kichwa. Nikamwambia huyu ndiye mtoto. Akasimama. "Alirudi!" Uso ulimng'aa. Valter akauweka utepe kiganjani mwake. Deng akauona umetoka mkononi, akacheka kwa furaha, kisha akavaa miwani, akaziona fundo. Akauvuta kwa mikono yake miwili, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Haukukatika. Akanitazama mimi, na sijapata kuona mtu aliyeaibishwa na kazi yake nzuri namna ile.

Valter akazungumza, polepole, ili nipate kubeba kila neno.

"Mwambie sina hasira. Lakini ajue. Kwa sababu ya utepe wake niliishi mgeni kwa mama yangu mpaka akafa. Siku tuliyomzika nilitoka makaburini nikaenda kuoga, hakukuwa na taulo kitandani. Nikachukua la kwake, lililotundikwa mlangoni. Siku hiyo ndiyo niliyorudi nyumbani. Mwambie."

"Anasema nini?" akauliza laoban Deng.

Nilifungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo, kila moja na Kichina chake.

"Anasema mama yake alifurahi sana," nikasema. "Anasema ulitoka wenyewe, mwanawe akiwa nyumbani."

Mzee akainama. Akamshika Valter mikono yote miwili, akaitikisa, hawezi kusema, machozi yanamtiririka. Na Valter, ambaye hakujua nimesema nini, akaona anaombwa radhi. Akamkumbatia. "Haidhuru, baba," akamwambia kwa Kireno. "Haidhuru. Hukujua."

"Na sasa anasema nini?" Deng akaniuliza begani mwa Valter.

"Anasema ahsante."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho Guangzhou, na sikufikisha mzigo hata mmoja. Papa Ngoy angenifukuza siku ile ile.